Breki za Mkaa

Kipawa, Dar es Salaam
1 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Adventina,

Shikamoo. Habari za Ihembe, na migomba imeinuka baada ya ule upepo? Mimi ni mzima. Kazini wamenihamishia upande wa magurudumu na breki, kwa hiyo fundi wa ndege uliyemsomesha siku hizi anashinda amechuchumaa chini ya ndege kama anayekamua ng'ombe.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu sikio lako na simu havielewani. Mara ya mwisho ulipaza sauti mpaka jirani yako Dafroza akaitikia kutoka kwake, na mambo ya leo si ya Dafroza. Barua nampa kondakta wa basi, na mwanao Jovitus ataichukua Omurushaka.

Wazee wa Mutalemwa wamekubaliana na baba mdogo kama ulivyosikia. Harusi ni Jumamosi tarehe 27 Desemba, na itafungwa huku Dar, si Karagwe. Usinune kwanza. Mama yake Mutalemwa anasafishwa figo hospitalini mara tatu kwa wiki, hawezi kusafiri. Mama yangu atakuja kwa basi kutoka Nkwenda. Wewe kiuno chako hakiwezi siku mbili za basi, kwa hiyo nimekupatia tiketi ya ndege, ile ya familia ya mfanyakazi. Jovitus atakupeleka Bukoba kwa gari lake, utapanda meli hadi Mwanza kwa sababu Mwanza ndipo ndege zetu zinapotua, na kutoka pale hata usingizi hautakushika kabla hujafika.

Unajua kwa nini nakung'ang'ania. Kwetu binti havuki kizingiti bila tatenkazi wake kumshika mkono, na kwa Kinyambo jina lenyewe linajieleza, baba wa kike. Wa kiume sina. Nijibu mapema.

Mwanao,
Mackrine


Ihembe, Karagwe
29 Juni 2025

Mwanangu Mackrine,

Marahaba, marahaba sana. Huku tu wazima. Kahawa imeiva yote kwa pamoja kama iliyopatana, na vidole vyangu vimekuwa vyeusi hata padri aliponipa mkono Jumapili alivitazama kwanza. Ng'ombe wetu Bihogo ana mimba. Dafroza anakusalimu na anataka kujua kwa nini unaficha harusi. Nimemwambia hufichi, unaandika tu.

Niliposoma tarehe nilikaa chini, nikacheka peke yangu. Mutalemwa nilimpenda tangu siku ile alipokuja akala ndizi bila kuuliza kilichochanganywa humo. Mwambie mama yake namwombea.

Safari sijaikataa. Lakini kuna kahawa ya kuanika, na Bihogo atazaa huko mwishoni mwa mwaka, na Jovitus kukamua hajui, anavuta kama anayepiga kengele. Tutaona. Haraka haraka haina baraka.

Nina swali. Hicho chombo chenu kikishagusa ardhi na mbio zile, kinasimamishwa na nini? Hizo breki zimetengenezwa kwa kitu gani? Wewe ndiye fundi, nieleze kwa Kiswahili cha mtu aliyeishia darasa la saba.

Nakutumia kahawa ya kutafuna. Usiwagawie wote, kuna watu hawajui hata inatafunwaje.

Shangazi yako,
Adventina


Kipawa
20 Julai 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kahawa imefika, na nimeificha. Mutalemwa anakusalimu. Mama yake hajambo kwa kiasi chake, siku za kusafishwa anachoka, siku zinazofuata anagombana na wauguzi, na hapo ndipo tunapojua amepata nafuu.

Swali lako. Ndani ya gurudumu kubwa la ndege kuna sahani zimepangwa kama unavyozipanga zako kabatini. Moja inazunguka pamoja na gurudumu, ya pili imetulia, ya tatu inazunguka, hivyo hivyo hadi mwisho. Rubani akikanyaga, zote zinabanwa pamoja. Zinasuguana, mbio zinageuka kuwa moto, na ndege inasimama.

Katika ndege zetu za zamani sahani hizo ni za chuma cha pua. Katika hizi mpya ni za kaboni, ambayo ni jamii ya mkaa. Hizi za mkaa ni nyepesi. Ukizifunga kwenye ndege badala ya zile za chuma umeishushia kama magunia matano ya kahawa, na ndege nyepesi hunywa mafuta kidogo. Zinadumu karibu mara mbili ya chuma. Tena zinavumilia moto ambao chuma kingelegea. Ubaya wake ni bei, na kwamba asubuhi zikiwa na baridi na unyevu hushika kwa uvivu kidogo mpaka zipate joto. Chuma ni rahisi kununua na hakina maringo hayo.

Ndege yako itakuwa ya mkaa. Umeona nilivyokuchagulia?

Mackrine


Ihembe
24 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, isipokuwa jogoo wa Dafroza aliyechukuliwa na kicheche, na kwa jinsi anavyolia ungedhani alikuwa mume.

Breki za mkaa. Nilisoma, nikafuta miwani, nikasoma tena, kisha nikampa Jovitus asome huenda macho yangu ndiyo yaliyoharibika. Mackrine, mkaa ninaoujua mimi ukiukanyaga unakuwa unga. Ukiuwasha asubuhi, jioni ni jivu. Leo watu wazima wenye vyeti wanasimamisha ndege nzima, na abiria, na mizigo, kwa kitu ambacho mimi nachemshia maharage? Nilimsomea Dafroza kidogo, unisamehe. Anasema kumbe ndiyo maana mkaa umeadimika Omurushaka.

Sijasema siji. Nasema tu nieleze vizuri.

Na hizo za chuma umezipita harakaharaka. Chuma kikishika moto inakuwaje? Dereva anajua mapema, au anajua wakati hakuna tena la kufanya? Na anatakiwa akanyage vipi? Hilo nijibu kwa urefu.

Mvua bado. Kahawa imekauka vizuri.

Shangazi yako


Kipawa
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa Dafroza na marehemu jogoo.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cha sahani ya breki iliyochakaa. Kilikuwa cha kufundishia wanafunzi, kikavunjika, mkufunzi akanipa. Ndio huo mkaa wenyewe. Umefumwa kwa nyuzi kama mkeka, kisha ukaokwa kwenye tanuru kwa muda mrefu sana. Ufanyie utakalo. Ukanyage.

Ajabu ni kwamba unauliza habari za chuma wakati utapanda mkaa. Lakini nitakujibu, maana hata chuoni swali hilo walilirudia mpaka tukachoka. Adui wa chuma ni joto. Ukikibana muda mrefu kinalikusanya, na likizidi kinapoteza mshiko, unakanyaga na hupati kitu. Kwa hiyo aliyefundishwa chuma hubonyeza, anaachia kipoe, anabonyeza tena. Madereva wa malori kwenye miteremko wanafundishwa vivyo hivyo. Mkaa ni kinyume. Hauliwi sana na nguvu, unaliwa na idadi ya kubonyezwa, na kubonyeza kidogo kunaula karibu sawa na kubonyeza sana. Rubani wa mkaa anatakiwa abonyeze mara moja, kwa uthabiti, ashikilie mpaka mwendo upungue, halafu aachie. Waliozoea chuma wanatumalizia sahani kwa kugusagusa, na sisi mafundi tunawasema wakishaondoka.

Ndege ikisimama kazi yangu ya kwanza ni kungoja. Magurudumu yanakuwa na moto, kwa hiyo hatusimami ubavuni mwake. Tunakaa mbele, mbali kidogo, mpaka yapoe.

Sasa niambie tarehe, nimjulishe Mutalemwa.

Mackrine


Ihembe
2 Novemba 2025

Mwanangu Mackrine,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, najua. Senene wameanza kuanguka, na Jovitus alirudi na ndoo nzima. Wako nimewakaanga, wamo ndani ya kopo. Bihogo amezaa ndama jike.

Kipande chako kimefika. Nilikikanyaga kwa kisigino, kisigino ndicho kilichoumia. Nilikipiga kwa mchi. Kisha nikakitia jikoni katikati ya mkaa wa kawaida, nikabandika ndizi na maharage, nikamwita Dafroza awe shahidi. Ndizi zikaiva, mkaa mwingine wote ukawa jivu, chako kikabaki kinang'aa chekundu kama jicho la mtu aliyekosa usingizi. Kilipopoa tuliona kimelika kidogo pembeni, basi. Dafroza anauliza kama unaweza kumpatia gunia.

Kwa hiyo kuhusu mkaa nimekubali, nimeshindwa. Lakini ndama hanyonyi vizuri. Kiuno nacho kimeanza tena, hasa asubuhi. Gauni la maana sina, na fundi wa Omurushaka ana kazi nyingi za Krismasi. Na gari la Jovitus lina mlio siuelewi. Labda ungemwomba mama yako Benadeta akushike mkono, au mke wa baba mdogo. Mungu haangalii mkono ni wa nani.

Ile barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika, hasa pale pa kubonyeza na kuachia. Lakini tuyaache hayo.

Shangazi yako


Kipawa
16 Novemba 2025

Shangazi,

Kwanza kahawa. Halafu Bihogo. Halafu mkaa. Halafu ndama, kiuno, gauni, gari. Tangu Juni unagusa na kuachia, unagusa na kuachia, na mimi ndiye ninayeisha.

Sitamwomba mama, na sitamwomba mke wa baba mdogo. Baba alipokufa uliniambia mbele ya kaburi kwamba kuanzia siku hiyo wewe ndiye baba. Kama hutakuja nitavuka kizingiti mikono yangu ikiwa mitupu, na watu waseme watakalo.

Bonyeza mara moja. Unakuja au huji?

Mackrine


Ihembe
30 Novemba 2025

Mwanangu Mackrine,

Barua yako haina shikamoo. Marahaba hivyo hivyo.

Nilinuna siku nzima, kisha nikaona una haki. Sasa nabonyeza.

Sijawahi kuiogopa ndege. Wala sijui inaogopwa vipi, sijaipanda. Ninachokiogopa kiko huku, ni ule mteremko wa njia ya Bukoba. Tangu baba yako afe pale sijapita. Hata Askofu alipokuja Bukoba na kwaya yote ikaenda, nilisema naumwa. Wewe hukuwahi kuniuliza, nami nilikushukuru kimoyomoyo.

Kuna jambo sijamwambia mtu, kwa kuwa sikujua nilichokiona kilikuwa nini. Siku ile Deodatus alitangulia na lori la kahawa kutoka Kyerwa, na mimi nilikuwa nyuma yake kwenye pikapu ya mnunuzi. Mvua ilikuwa imetia giza. Alipoanza kuteremka, taa zake nyekundu za nyuma zikawa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, karibu mteremko wote. Baadaye zikawaka zikabaki zimewaka. Na lori, Mackrine, likawa linaongeza mbio huku taa zimewaka vile vile. Mengine unayajua.

Msibani walisema alikuwa amekunywa rubisi. Lisemwalo lipo, wakasema, na wewe mtoto wa darasa la nne ukiwa umekaa palepale kwenye majani unasikia. Mimi nilikuwa nimepanda naye asubuhi na sikumwona akinywa. Lakini alasiri hatukuwa pamoja, na nilikuwa nimeziona zile taa. Kila nikitaka kuwajibu, nilijiuliza kama mguu unaochezacheza vile si mguu wa mlevi. Nikabaki nao moyoni, kaka yangu na ule mguu wake.

Sasa umeandika kwamba aliyefundishwa chuma hubonyeza, anaachia kipoe, anabonyeza tena. Nijibu kama fundi, usinijibu kama binti yake. Nilichokiona kilikuwa nini?

Adventina


Kipawa
7 Desemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ajili ya ile barua iliyopita.

Yako niliisomea karakanani. Nililia, mwenzangu akadhani kuna msiba, nikamwambia upo lakini ni wa zamani. Miezi yote hii nimekuwa nikikujibu habari za ndege, kumbe ulikuwa unauliza habari za lori. Nisamehe sikukusikia.

Kama fundi nakwambia hivi. Lori sikulikagua, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni kifaa fulani kilichoshindwa. Lakini taa ya breki haiwaki bila mguu. Aliyesinzia hana taa. Kuwaka na kuzima mteremko mzima ni dereva anayekipoza chuma chake kama alivyofundishwa, na mzigo ule wa kahawa ukimsukuma kutoka nyuma. Zilipowaka zikabaki, ndipo alipoona kupoza hakutoshi, akakanyaga kwa nguvu zake zote na hakuondoa mguu tena. Chuma kilikuwa kimeshazidiwa na moto. Yeye alikuwa macho, Shangazi, na alikuwa kazini hadi mwisho. Mguu ule haukuwa wa mlevi.

Kama binti yake, asante kwa kuwa ulimtazama. Watu wakiniuliza kwa nini nilichagua breki huwa nasema nilipangiwa. Si kweli, niliomba. Nilikuwa natafuta jibu hili, na kumbe nusu yake ulikuwa nayo wewe.

Sikulazimishi tena. Tiketi ni ya tarehe 23. Siku hiyo nimeomba zamu, nitakuwa mbele ya ndege nangoja magurudumu yapoe, uwemo usiwemo.

Mackrine wako


Melini, kuelekea Mwanza
22 Desemba 2025

Mwanangu Mackrine,

Barua hii hakuna kondakta atakayeibeba.

Ndama ananyonya. Bihogo nimemwachia Dafroza, na Jovitus amepewa kazi ya kumsaidia bila kugusa chuchu. Gauni nimeazima. Kabla sijatoka nilimwita Dafroza nikamsomea barua yako, na pale penye habari za taa nilisoma mara mbili, taratibu, nikahakikisha ameshika. Unaujua mdomo wake. Jumapili nilipotoka kanisani wazee wawili waliokuwa msibani siku ile walinisimamisha, wakavua kofia, wakasema pole kwa Deodatus, yule alikuwa dereva. Nimemshukuru Mungu kwa mdomo wa Dafroza, jambo ambalo sikutegemea kulifanya katika maisha haya.

Mteremkoni nilikaa mbele. Nilimwambia Jovitus aweke gia ndogo. Alipokuwa akiteremka anabonyeza na kuachia, nikaona mguu wangu nao uko sakafuni unabonyeza na kuachia, na nilihisi tupo watatu. Chini nilimwambia asimame. Nilishuka, nikaacha punje za kahawa ya kutafuna majanini, nikamwambia kaka yangu binti yake anaolewa na mtu wa Muleba anayekula ndizi vizuri. Halafu nililia kwa sauti, Jovitus akajifanya anakagua tairi.

Meli haina mteremko. Nimelala kama mtoto.

Tarehe 23, ndani ya ndege. Naandika kwa tabu, mama niliyekaa naye ananichungulia. Wametwambia tufunge mikanda, tunashuka.

Imegusa. Nilikanyaga sakafu mara moja, kwa nguvu, nikashikilia, nikashikilia, mpaka mwendo ukapungua. Kisha nikaachia.

Imesimama. Kupitia dirisha namwona mtu amevaa fulana ya manjano, amesimama mbele, mbali kidogo, anangoja. Kama ni wewe, usikimbie, magurudumu bado yana moto. Kaa hapohapo. Baba yako anakuja kukushika mkono.